Mpira wa Matambara Katika Droo ya Chini

Katika droo ya chini ya meza yangu, ile ambayo lazima uiinue kidogo ndipo ivutike, mtakuta mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani. Haumo kwenye orodha ya vifaa niliyokabidhi. Niliogopa kuuandika, kwa sababu mkaguzi angeuliza ni kifaa cha nini, nami ningelazimika kumjibu. Sasa nimestaafu na hawezi kunifanya kitu, kwa hiyo nitajibu hapa. Ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha mazoezi, someni mkiwa mmekaa, kisha msimame, maana mnakaa sana.

Habari za vyeo nitaziruka. Vilivyokuja vilikuja vimechelewa, na visivyokuja sikuvifuata.

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Voi, nilifika kutoka chuoni nikiwa na koti jeupe lililotiwa wanga hadi likaweza kusimama peke yake. Mimi ni mtu wa milimani, wa Werugha, na joto la Voi lilinipokea vibaya. Mkuu wa idara yetu ya tiba ya viungo alikuwa Mzee Salim, mtu wa Voi ambaye babu zake walitoka pwani wakati wa reli. Alikuwa akinywa chai ya tangawizi kwenye joto lile lile lililokuwa likinipika. Alinitazama, akatazama koti, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, wajua kucheza mdako?"

Nilidhani ananijaribu. Nikamtajia misuli yote ya kiganja, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yake ya kitabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Vyema. Sasa nenda nje ukalete vijiwe vitano."

Tukakaa sakafuni, mimi na mama mmoja aliyekuwa amevunjika kifundo cha mkono na vidole vyake vimekauka. Unarusha kijiwe juu, unaokota kingine chini, unadaka cha kwanza kabla hakijaanguka. Yule mama alinishinda mara mbili, mara ya pili akinicheka waziwazi. Alipoondoka, Mzee Salim aliniuliza kiganja kile kimefunguka na kufumba mara ngapi. Nikasema sikuhesabu.

"Hata yeye hakuhesabu," akasema. "Angehesabu, angeshachoka kitambo."

Ndipo akanipa somo ambalo chuoni hawakunipa. "Mtoto ukimwambia cheza, acheza. Mtu mzima ana heshima yake, ana wajukuu, ana kiti chake msikitini au kanisani. Hachezi mpaka apewe kisingizio. Basi wewe mpe kisingizio, kisha geuka upande kama kwamba huoni."

Niliona akilitumia somo hilo mwenyewe. Tulikuwa na baiskeli ya mazoezi, ile inayokanyagwa bila kwenda popote. Mzee mmoja wa Marungu, mwenye goti lililokataa kukunjika, aliikataa kabisa. Alisema ameendesha baiskeli maisha yake yote na kila mara ilimfikisha mahali. Mzee Salim hakubishana naye. Alimuuliza tu angependa kwenda wapi. Akajibu Taveta, kwa dada yake, kula ndizi. Basi kila alipokuja kliniki, Mzee Salim alisimama kando ya ile baiskeli akimtangazia alipofika: hapa Mwatate, hapa Bura, sasa kilima kidogo, kaza mguu, Maktau hiyo, angalia ndovu asikukate njia. Siku nyingine walifika Mbuyuni wakalala huko, maana goti lilikuwa limechoka. Ilichukua majuma mengi. Alipofika Taveta, Mzee Salim alifungua droo akamkabidhi ndizi mbivu, na yule mzee akaila pale pale juu ya kiti cha baiskeli, goti limekunjika kama la kijana.

Mzee Salim alipostaafu aliniachia ufunguo wa kabati, birika la chai na ule mpira wa matambara. Sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Ningependa kuwaambia kwamba niliushika wosia wake tangu siku ile. Sikuushika. Fomu zilikuja, na mimi nikawa mtu wa fomu.

Mnazijua fomu zenyewe. Zoezi la kwanza, mara kumi, mara tatu kwa siku, weka alama. Nilizipenda kwa sababu zilinionyesha kwamba nimefanya kazi. Nikasahau kwamba fomu haina magoti. Hata yale mashindano yetu ya wafanyakazi, ya kuhesabu hatua kwa simu, yalipaswa kunifungua macho. Mshindi alikuwa mwenzetu mmoja mzito ambaye hakuwahi kuonekana akitembea. Ilijulikana baadaye kwamba alikuwa akipanda bodaboda kila jioni kwenye njia ya mashimo, na simu mfukoni ikihesabu kila shimo kuwa hatua. Tulicheka, tukamnyang'anya kikombe, tukarudi kwenye fomu zetu.

Aliyenitoa huko ni Mama Mwakio wa Rukanga.

Katika miaka yangu ya mwisho tulikuwa tukienda Rukanga kila baada ya majuma mawili, kufanya kliniki ya mazoezi katika ukumbi wa kanisa moja chini ya mlima Kasigau. Unatoka Voi, unakata kulia pale Maungu, na kutoka hapo unakula vumbi mpaka ufike. Wagonjwa wetu wengi walikuwa akina mama wenye magoti na presha. Wote walikuja wakitaka kukandwa. Hakuna aliyekuja akitaka mazoezi, na kwa kweli siwalaumu, maana mwanamke aliyechota maji na kupanda kilima na kuni tangu utotoni haelewi kwa nini aambiwe kuinua mguu bure.

Mama Mwakio alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa mzito, mkono na mguu. Maneno yalikuwa yamemrudia yote, tena makali. Alikuja na fimbo, ameshikwa na mke wa mwanawe, Wakesho, msichana mpole mwenye nguvu, na kila alipotaka kusimama Wakesho alimnyanyua.

Mwanawe, Mwakio, alifanya kazi Mombasa. Alikuja siku moja kuonana nami, akakaa kwa heshima, kofia mkononi.

"Madam, mimi sina ubaya," aliniambia. "Lakini Wakesho ni mmoja. Shamba ni lake, mbuzi ni wake, na mama hawezi hata kwenda choo bila yeye. Nimengoja. Shule zikifungwa Agosti, kama mama hajaanza kusimama mwenyewe, nafunga hii nyumba nawachukua wote Mombasa."

Mombasa alikuwa amepanga ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Mama Mwakio alikuwa akisikia kila kitu. Mumewe alizikwa kando ya ile nyumba, na migomba ya nyuma ya jiko aliipanda yeye. Mwakio alipotoka nje, mama huyo aliniambia kwa sauti ya chini, "Nikipanda hizo ngazi, nitashushwa nikiwa ndani ya sanduku."

Nilimwandikia fomu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kuketi na kusimama kutoka kitini. Kufinya kitambaa kilicholowa. Kutembea mpaka mlango wa zizi na kurudi. Majuma mawili baadaye fomu ilirudi imejaa alama, hakuna kisanduku hata kimoja kilichoachwa wazi. Mguu ulikuwa vile vile. Nikaongeza mazoezi. Fomu ikarudi imejaa tena. Mguu vile vile. Nilianza kushuku kwamba kiharusi kimemharibu kuliko tulivyodhani.

Safari iliyofuata nilimwona Wakesho akishuka ngazi za ukumbi huku amejishika mapaja, akikunja uso.

"Wakesho, umefanya nini?"

"Ni haya mazoezi, madam. Ulipoongeza, yameniua."

"Yamekuua wewe?"

Akatazama chini. Nikamgeukia mama mkwe wake, aliyeketi wima kama hakimu. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kazi ilitumwa nyumbani kwake, nyumbani kwake kuna mke wa mwana, kazi ikafanywa mara tatu kwa siku bila kukosa. Yeye alikaa kando akihesabu na kuweka alama.

"Na anafanya vizuri," akaniambia. "Mwanzo alikuwa anadanganya kwa kusimama, nikamrekebisha."

Nicheke au nilie? Nilimweleza kwamba mazoezi hayatumwi mtu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza desturi za nchi nyingine. Basi nikaamua kuyafanya yawe ya kufurahisha. Niliweka muziki kwenye simu, nikapiga makofi, nikaimba, "Vizuri, mama! Moja tena!" Nilikuwa nimekaribia kustaafu na nilikuwa nikirukaruka mbele yake katika ukumbi wa kanisa. Alinitazama mpaka nikaishiwa pumzi.

"Sista," akasema, "mimi nimezika mume, nimesomesha watoto. Usinipigie makofi kama nimejisaidia kwenye poti."

Akina mama wote waliokuwa wakingoja walicheka, nami nikazima simu. Niliona aibu, lakini njiani kurudi, mahali fulani kabla ya Maungu, nilianza kumsikia Mzee Salim. Nilikuwa nimempa mchezo bila kisingizio. Nilikuwa nimemvua heshima yake mbele za watu, halafu nikashangaa alipokataa kucheka. Jioni ile niliinua ile droo na kuutoa mpira.

Safari iliyofuata sikumwambia habari ya mazoezi hata kidogo. Nilimkuta ameketi nje, kando ya uwanja wa kanisa, nikamwendea na uso wa shida.

"Mama, naomba unisaidie. Nataka hawa wenzako wapashe mwili moto kwa kucheza mchezo wa kati, lakini watagombana. Hakuna mtu wa heshima wa kuwaamua."

Akaniuliza, "Kati ya chupa ama kati ya kawaida?"

"Kwani kuna tofauti?" nikauliza. Mungu anisamehe. Nilikulia Werugha na magoti yangu bado yana alama za kati.

"Si unaona! Hata hujui," akasema, na tayari alikuwa amegeuza kiti chake kuelekea uwanjani.

Wachache wenu mmelelewa na simu, kwa hiyo nieleze. Wawili wanasimama huku na huku na kurushiana mpira. Wa kati anaukwepa, na huku akiukwepa lazima ainame ajaze chupa kwa mchanga. Akipigwa, ametoka. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Fikirini anachofanya mwili wake hapo: kuchuchumaa, kusimama, kugeuka, kushika, kulenga. Chumba chetu kizima hakina mashine inayoweza hayo yote, na chupa unaiokota tu.

Mimi ndiye niliyeingia kati kwanza. Wakesho alikuwa upande mmoja, na kwa ile miguu aliyoipata kwa mazoezi ya mama mkwe wake alikuwa hatari. Mpira wake wa tatu ulinipata mgongoni, paa, kila mtu akasikia. Mimi nikaendelea kuchota mchanga.

"Umetoka!" Mama Mwakio alisema kutoka kwenye kiti.

"Haujanigusa, mama."

"Umekupiga mgongo!"

"Huo ulikuwa upepo."

Sasa mjue kwamba mama huyu alikuwa mtu asiyevumilia uongo hata wa kuchekesha. Aliweka mkono kwenye goti akasimama. Hakuna aliyemnyanyua. Fimbo ilibaki chini mchangani. Alipiga hatua nne, mguu wa kulia ukiburuzika, akanifikia, akanigusa mgongoni kwa kidole, kile cha mkono wa kulia, akasema, "Hapa. Umekupiga hapa. Toka."

Wakesho alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikageuka upande kama kwamba sioni, nikasema, "Basi, nimetoka," nikaenda nyuma ya gari. Huko nililia, na sioni haya kuwaandikia.

Tangu siku hiyo kiti hakikumweza. Kwanza aliingia kutuonyesha namna ya kujaza, maana alisema tunachota kama watu wanaoazima unga kwa jirani. Chupa akaishika kwa mkono wa kushoto, mchanga akauchota kwa wa kulia, nusu ukimwagika. Akatukumbusha kwamba wao enzi zao walijaza mkebe, tena mkubwa. Baadaye alikataa kuwa refa, akataka kurusha. Mpira ulipoanza kufumuka, aliuomba akaenda nao nyumbani, akaurudisha umefungwa upya kwa katani, mafundo yote ameyafunga mwenyewe. Wakesho alinieleza kwamba sasa alikuwa akitembea mpaka zizini kila asubuhi, na akijaribu kumsaidia anafukuzwa.

"Hii hataki kunituma," Wakesho alisema.

Halafu, mwanzoni mwa Julai, akaanguka. Aliukwepa mpira, mguu ukachelewa, akaenda chini kwa ubavu. Nilikimbia nikamfikia. Alikuwa amelala vumbini akitazama juu.

"Chupa imemwagika?" akaniuliza.

Hakuwa ameumia, alichubuka kiwiko tu. Lakini habari njema husafiri kwa miguu na mbaya kwa simu. Jioni hiyo hiyo Mwakio alinipigia, na heshima ya siku ile hakuja nayo. Aliniuliza kama ni kweli nimekuwa nikimchezesha mama yake mpira, mtu wa kiharusi. Nikasema ni kweli. Akasema hangoji tena shule zifungwe, anakuja siku ya kliniki ijayo na gari. Zile siku kumi na nne niliishi vibaya. Niliwaza kwamba labda ana haki. Niliwaza kwamba nimefanya kazi miaka yote hii nikaja kuimaliza kwa kumfukuzisha mwanamke nyumbani kwake.

Siku yenyewe ilipofika niliuacha mpira ndani ya gari. Mama Mwakio alikuwa amekwisha kupanga viatu kuwa alama za mwisho wa uwanja.

"Mpira uko wapi?"

"Leo tupumzike, mama. Ulianguka."

"Ni wewe ulianguka ama ni mimi?"

Nikarudi kwenye gari. Nikauleta.

Tulikuwa katikati ya mchezo gari la Mwakio lilipofika. Wakesho alikuwa kati, chupa imefika nusu. Mimi nilikuwa upande mmoja na Mama Mwakio upande wa pili, mpira mkononi, bila fimbo. Mwakio alishuka na kuacha mlango wazi. Alimwona mama yake amesimama peke yake juani, akamjia mbio na suruali ya kazi na viatu vyeusi vya kung'aa, akikata uwanja kupitia kati, mikono ameitanguliza kumdaka asije akaanguka.

"Mama! Mama, shika hapa!"

Mama Mwakio aliinua mkono, akarusha. Mpira ulimpata mwanawe kifuani, ukaacha doa la vumbi kwenye shati jeupe.

"Umetoka," akamwambia.

"Mama, mimi sichezi."

"Umeingia kati. Umepigwa. Toka."

Mwakio alinitazama. Mimi nikageuka upande. Alimtazama mkewe, ambaye hakupoteza wakati: alikuwa amechuchumaa akijaza chupa. Basi mtu mzima yule, mwenye gari na nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, akatembea taratibu mpaka nje ya mstari, mahali wanaposimama waliotoka, akasimama huko na akina mama wenye presha. Alisimama mpaka mchezo ukaisha. Ndipo nilipomsikia akimuuliza mkewe polepole, "Alinipiga na mkono gani?"

"Wa kulia," Wakesho akasema.

Mwakio aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vile havikuwa na kamba. Wakesho alimwekea mkono begani, na akina mama, kwa heshima yake, wote wakageuka upande kama kwamba hawaoni.

Hakuna mizigo iliyopakiwa siku hiyo. Alikula muhogo kwa mama yake, akarudi Mombasa peke yake. Alipokuwa akiwasha gari, Mama Mwakio alimfuata kwa miguu yake mpaka dirishani, akagonga kioo kwa ule mkono. Mwakio akakishusha haraka, nadhani akitarajia baraka.

"Mwezi ujao usituletee hivyo viatu," akamwambia. "Kuja na raba."